Kuotesha kitunguu mwitu cha mawe: mwongozo kamili wa kitunguu nyota

Mara ya kwanza tulikutana Agosti, saa nane mchana, kwenye mteremko wa mawe wa Gray Summit, magharibi ya St. Louis, Missouri. Joto lilikuwa limepita nyuzi 35. Nyasi zimegeuka rangi ya kutu, mwamba unafukuta, mijusi yenyewe imejificha. Halafu kwenye ufa wa jiwe, mwembamba kuliko kidole changu, kikonyo kimoja kimesimama wima na shada la maua ya waridi kichwani, kama mtu aliyekuja msibani na nguo za harusi. Nikainama, nikasugua jani lililonyauka kwa vidole, nikanusa. Kitunguu.

Nimekulia Dodoma, kwa hiyo nilidhani mmea wa mawe na jua nitaumudu tu. Nikanunua mbegu, nikarudi nyumbani kwangu hapa Marekani kwa mbwembwe. Mwaka wa kwanza nilizimwaga udongoni mwezi wa Mei, kama unavyomwaga mchicha, halikutoka hata jani moja. Mwaka wa pili nikanunua miche, nikaichimbia shimo zuri, nikaweka samadi, nikamwagilia asubuhi na jioni. Ilinawiri wiki tano, ikawa laini, ikaanguka. Nilipofukua nilikuta uji wa kahawia unaonuka.

Mwongozo huu nauandikia mtu asiyetaka kurudia safari yangu. Umewalenga zaidi Waswahili wenzangu tunaoishi katikati ya Marekani na Kanada, ambako kitunguu hiki ni mwenyeji na sisi ndio wageni.

Ni kitunguu gani hasa

Jina lake la kisayansi ni Allium stellatum, alilopewa mwaka 1813. Neno la pili ni Kilatini, lina maana ya "chenye nyota", kwa sababu kila ua dogo lina vidole sita vilivyotanda kama nyota. Kiswahili hakina jina lake, nami nyumbani nimezoea kukiita kitunguu nyota. Nitakiita hivyo humu.

Kwao ni katikati ya Amerika ya Kaskazini: Manitoba na Ontario huko Kanada, kushuka Minnesota, Iowa, Kansas na Missouri, mpaka Arkansas na Texas. Utakikuta kwenye mbuga zenye mawe, kingo za miamba, na hasa kwenye mawe ya chokaa na ya dolomiti, ambayo ni ndugu ya chokaa yenye magnesiamu ndani yake.

Kimo chake ni kama sentimita 30 hadi 50. Majani ni membamba, bapa, yamejaa ndani. Si mabomba kama ya kitunguu maji. Chini kuna tunguu la kahawia, pana sentimita moja hadi tatu. Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba maua yanapochanua, Julai hadi Septemba, majani mengi yanakuwa yameshaanza kukauka kutoka ncha. Mkulima mgeni huona majani yanakauka, akakimbilia bomba la maji. Usikimbie. Kilifanya kazi yake wakati wa baridi na unyevu wa machipuko, kikaweka akiba tunguuni, na sasa kinaila akiba hiyo kutoa maua.

Kina ndugu wa karibu anayefanana naye mno, Allium cernuum. Huyo kikonyo chake hupinda shingoni, maua yakatazama chini kama mwanafunzi aliyekemewa. Cha nyota husimama na kutazama juu. Ila ngoja maua yafunguke kabla hujahukumu, maana yakiwa bado vifundo, hata cha nyota huinamisha kichwa, kisha hujinyoosha. Wauzaji wenyewe huvichanganya. Niliwahi kuuziwa kimoja kwa jina la kingine, nikagundua baada ya miaka miwili. Wote wawili wanalika, kwa hiyo hasara haikuwa kubwa, lakini yule mwenye shingo iliyopinda anapenda unyevu zaidi, na kwenye tuta langu la mawe aliteseka.

Kabla ya chochote: sumu

Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu huumia.

Kwenye mawe yale yale, toka Missouri hadi Texas, huota mmea unaoitwa Toxicoscordion nuttallii. Maana ya hilo jina refu ni "kitunguu saumu chenye sumu", na aliyelitunga hakutia chumvi. Una majani membamba, una tunguu chini, na wakati wa machipuko, kabla maua hayajatoka, mtu mwenye haraka hawezi kuutofautisha na kitunguu kwa macho. Maua yake huja Aprili na Mei, meupe ya maziwa, yamepangana kuizunguka ncha ya kikonyo. Sumu yake huleta udenda mwingi, kutapika, mapigo ya moyo kushuka na presha kuanguka. Kuupika hakuiondoi sumu hiyo.

Kinachotenganisha ni harufu. Ule wa sumu haunuki kitunguu. Kwa hiyo kisichonuka kitunguu hakiliwi, hata kifanane vipi. Upo pia Nothoscordum bivalve, mdogo, maua meupe kidogo ya manjano, sura ya kitunguu kabisa lakini hauna harufu. Nao uache.

Sasa angalia mtego ulipo. Ukishika vitunguu viwili vitatu vya kweli, vidole vyako vinanuka kitunguu, na kuanzia hapo kila jani utakaloshika litanuka kitunguu. Mtu anachuma kumi vya kweli, cha kumi na moja ni sumu, pua inamwambia ni sawa. Nenda na chupa ya maji na kipande cha sabuni, nawa kila mara, na nusa kila mmea peke yake, kwa sababu mimea hii huota imechanganyikana.

Mtu akila kisichoeleweka hapa Marekani, piga 1-800-222-1222, kituo cha sumu, saa 24, bure. Unaweza kuomba mkalimani. Akiwa amezimia au anapumua kwa shida, piga 911 moja kwa moja.

Hii ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kukiotesha nyumbani badala ya kukichuma porini. Nimepanda mwenyewe, nakijua. Sababu ya pili ni sheria na adabu: pale Gray Summit ni hifadhi ya bustani ya mimea ya Missouri tangu mwaka 1925, huruhusiwi kung'oa kitu. Na hata kwenye ardhi ya mtu aliyekuruhusu, ukichimba tunguu umeua mmea uliochukua miaka kadhaa kufika hapo.

Lielewe jiwe kwanza

St. Louis hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Dodoma haifiki 600. Kwa hiyo Missouri si nchi kame hata kidogo, na mimi mtu wa Dodoma nilichukua muda kulielewa hili: ukame wa kitunguu nyota hautoki mbinguni, unatoka chini ya miguu.

Kwenye ile miteremko ya mawe udongo ni sentimita chache tu juu ya mwamba. Mingi inatazama kusini au kusini-magharibi, jua linaipiga siku nzima. Nenda mwezi Machi: maji yanachuruzika kila ufa, unakanyaga unasikia chwa, chwa. Nenda Julai: tanuri. Miti mikubwa haipati pa kushika, isipokuwa Juniperus virginiana, jamaa ya mtarakwa wa nyanda za juu za Kenya, ambao huivamia miteremko hii pale moto wa nyasi usipopita. Ndiyo maana watunzaji wa hifadhi hizi huikata miti hiyo na kuchoma nyasi kwa mpango. Bila hivyo kivuli kingefunika na kitunguu kingetoweka.

Somo kwa bustani yako liko hapo. Kitunguu nyota kinataka unyevu wakati wa baridi, ukavu wakati wa joto, jua la kutosha, na maji yasituame kwenye mizizi hata usiku mmoja. Mimi nilikipa kinyume: nilikinywesha Julai.

Hatua ya 1: Mbegu

Nunua kwa wauzaji wa mbegu za mimea ya asili ya eneo lako, na uulize zilivunwa mwaka gani. Mbegu za jamii ya vitunguu huzeeka haraka. Zilizokaa rafuni miaka mitatu zitakupotezea muda. Ni nyeusi, ndogo, zenye pembe, kama mbegu za kitunguu maji tulizozoea. Ukitaka mkato, nunua matunguu yaliyolala, mengi husafirishwa msimu wa vuli. Basi ruka hadi hatua ya 4.

Hatua ya 2: Baridi

Hapa ndipo Mei yangu ya kwanza ilipopotelea. Mbegu hii ina kufuli. Porini huanguka Septemba au Oktoba, hulala kwenye unyevu na theluji miezi kadhaa, na baridi hiyo ndiyo ufunguo. Bila baridi yenye unyevu wa siku 60 hivi, nyingi hazitaota, na wala si mbovu.

Njia ya friji: chukua mchanga uliooshwa, vijiko vinne vya chakula kwa kijiko kimoja cha chai cha mbegu. Unyunyizie maji mpaka ukiufumbata kiganjani unashikamana, lakini ukiukamua halitoki tone. Changanya, weka kwenye mfuko wa plastiki wenye kufunga, andika tarehe, na uweke friji ya kawaida, nyuzi 2 hadi 5. Si kwenye barafu. Kila wiki fungua uchungulie. Ukiona ukungu, zioshe mbegu na ubadilishe mchanga. Na andika kwa herufi kubwa ni kitu gani. Mfuko wangu wa kwanza mke wangu alikuwa ameushika tayari juu ya pipa la taka, akaniuliza, "Baba, huu mchanga kwenye friji ni wa dawa au ni uchafu?" Tangu siku hiyo mifuko yangu imeandikwa MBEGU, USITUPE.

Anza mapema Januari, utaitoa Machi.

Njia ya galoni, ambayo sasa ndiyo ninayoipenda: chukua galoni tupu la maziwa, likate katikati likibaki na bawaba upande mmoja, toboa matundu chini ya kutosha, jaza udongo sentimita kumi, panda, funga kwa utepe wenye gundi, ondoa kizibo, na uliache nje Desemba nzima hadi machipuko. Theluji na mvua vinaingia mdomoni, baridi inafanya kazi yake bila wewe. Hakuna friji, hakuna ugomvi wa nyumbani.

Hatua ya 3: Kupanda na kusubiri

Mchanganyiko wa udongo: nusu udongo wa vyunguni, nusu mchanga mnene au kokoto ndogo. Tawanya mbegu, funika kwa mchanga milimita tatu hadi tano tu, mwagilia kwa kunyunyiza. Zile za friji weka mahali penye mwanga, nyuzi 15 hadi 20. Joto kubwa haliziharakishi. Wiki mbili hadi nne utaona kitu.

Nasema "kitu" kwa makusudi. Kinachotoka hakifanani na mche. Ni uzi wa kijani uliopinda kama sindano iliyokunjwa katikati, goti linatangulia juu ya udongo, kisha ncha inajivuta nje ikiwa bado imebeba ganda jeusi la mbegu kama kofia. Baadaye unanyooka, unakuwa kama unywele. Kundi langu la kwanza lililoota niling'oa karibu theluthi nikidhani ni nyasi. Kama una shaka, ng'oa mmoja tu, uponde, unuse.

Mwaka wa kwanza kila mche utatoa jani moja, mawili, basi. Usihamishe mapema. Waache pamoja kwenye chombo chao, unyevu wa kadiri, mpaka Septemba.

Hatua ya 4: Tuta la mawe

Kabla hujajenga, pima udongo wako unavyonywa maji. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, acha yaishe, lijaze tena, halafu tazama saa. Maji yakishuka pungufu ya sentimita mbili kwa saa, una mfinyanzi mzito, kama sehemu nyingi za St. Louis. Hapo usichimbe shimo ukalijaza kokoto. Shimo la kokoto ndani ya mfinyanzi ni ndoo: maji ya jirani yote yatakuja kulala humo. Nimeona watu wengi wakilifanya kosa hili, tena kwa bidii kubwa. Panda juu, usiende chini.

Chagua mahali panapopata jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku, penye mwinuko kama upo. Jenga tuta la kimo cha sentimita 25 hadi 30 juu ya ardhi. Mimi hutumia nusu ya kokoto za mawe ya chokaa yaliyosagwa, za ukubwa wa milimita tano hadi kumi, robo mchanga mnene, robo udongo wa hapo hapo. Kokoto za chokaa huuzwa kwa bei ndogo kwenye machimbo na kwa wauza vifaa vya ujenzi. Omba ambazo hazina vumbi jingi, maana vumbi likilowa hushikana kama saruji. Samadi, hapana. Mboji, hapana. Najua mkono unawasha. Udongo wenye rutuba unaliharakisha jani, jani linakuwa laini, tunguu linaoza, na magugu yenye njaa yanapata karamu.

Weka mawe machache makubwa bapa, uyazike nusu. Hayo si mapambo: chini ya jiwe unyevu hukawia, na mizizi huufuata huko wakati uso wa tuta umekauka kabisa. Vitunguu vyangu vilivyostawi kuliko vyote viko pembeni kabisa mwa mawe, si katikati ya wazi.

Panda matunguu kina cha sentimita tano hadi saba, ncha juu, umbali wa sentimita 20. Miche midogo yenye matunguu kama punje ya mchele, kina cha sentimita mbili tatu kinatosha. Juu ya yote tandaza kokoto sentimita tatu. Usitumie vipande vya mbao wala majani yaliyooza. Vinashika unyevu shingoni mwa mmea, na kuoza huanzia hapo.

Ukitaka majirani wa kweli wa porini, panda pamoja na nyasi Schizachyrium scoparium, mpungate mdogo wa huku Opuntia humifusa, na Oenothera macrocarpa wenye maua makubwa ya manjano. Lakini nyasi ziwe chache, zisikifunike.

Hatua ya 5: Maji, na kujizuia

Kiangazi cha kwanza baada ya kuhamishia, mara moja kwa wiki, maji ya kushiba, kisha uache. Cha pili, kama wiki tatu zimepita bila tone la mvua. Cha tatu, funga bomba. Majani yakikauka Julai, jikumbushe yule wa Gray Summit.

Maua ya kwanza kutoka mbegu tarajia mwaka wa tatu. Ni muda mrefu, sikatai.

Sungura na swala wa mjini huku hula kila kitu kwangu isipokuwa hiki, harufu inawafukuza. Wadudu hawanisumbui. Maua yanapofunguka nyuki wadogo na nzi wa maua hujaa asubuhi hadi jioni, kwa sababu ni msimu ambao mimea mingi ya mawe imeshamaliza kazi.

Palizi ndiyo kazi ya kweli. Ng'oa nyasi zingali ndogo, kwa mkono. Na mfahamu Allium vineale, kitunguu pori kilichotoka Ulaya, majani ya mviringo yenye tundu ndani, hutoka vikundi vikundi kwenye nyasi za uani mapema sana. Kinalika, lakini kikishaingia tutani hutoki nacho. Kila kijitunguu kinachobaki ni kikundi kipya mwakani.

Jikoni

Usivune kitu kabla ya mwaka wa tatu. Baada ya hapo, Aprili na Mei, kata majani machache kwa mkasi, yasizidi theluthi ya kila mmea. Yakate membamba. Ukali wake uko kati ya kitunguu maji na kitunguu saumu, na moto mwingi huuondoa, kwa hiyo yatie mwishoni: juu ya mayai ya kukaanga, kwenye dagaa wakati unaepua, au mabichi ndani ya kachumbari. Maua nayo huliwa. Yachambue moja moja kutoka kwenye shada. Kachumbari ya nyanya yenye nyota za waridi juu yake, mama mmoja wa Uvira tunayesali naye aliitazama kwanza muda mrefu, akauliza, "Hii ni ya kula ao ya kupamba?" Akala sahani mbili.

Matunguu mimi hula tu ninapogawa vichaka. Ni madogo, mengi yana ukubwa wa zabibu, na kuyamenya ni kazi ya mtu asiye na haraka. Yakiwa mengi yatie achari: siki, chumvi, pilipili mbuzi, ndimu, wiki mbili ndani ya friji.

Waojibwe, wenyeji wa asili wa maeneo ya Minnesota, walikuwa wakichemsha matunguu haya, wakayatia utamu, wakawanywesha watoto wenye mafua. Bibi yangu alifanya hivyo hivyo na kitunguu saumu na asali, na hakuwahi kusikia habari za Minnesota. Na tukiwa kwenye habari za wenyeji: jina la mji wa Chicago limetokana na neno la lugha ya Miami-Illinois, shikaakwa, lililotaja kitunguu kingine cha pori, kile chenye majani mapana kinachoota kwenye vivuli vya misitu. Wengi wetu tumeshuka uwanja wa ndege wa mji huo bila kujua tumetua kwenye kitunguu.

Mbwa na paka wasiguse. Vitunguu vyote vya jamii hii huharibu chembe nyekundu za damu yao, viwe vibichi au vilivyopikwa. Kama una mbwa anayefukua, tuta lizungushie uzio.

Kuvuna mbegu na kugawa

Septemba mwishoni hadi Oktoba shada hukauka rangi ya karatasi. Kila kijitunda kina vyumba vitatu. Vikianza kupasuka utaona weusi unaong'aa ndani. Wahi, upepo mmoja unatosha kuzimwaga. Kata shada zima ndani ya mfuko wa kaki, liache sebuleni wiki moja, likung'ute, upepete kwa ungo. Mbegu kavu zihifadhi kwenye chupa ndani ya friji na uzitumie ndani ya mwaka mmoja au miwili. Usipotaka zisambae bustanini, kata mashada kabla hayajapasuka.

Kila miaka minne au mitano kichaka husongamana na maua hupungua. Fukua Oktoba, tenganisha kwa vidole bila kisu, rudisha makubwa kwa nafasi mpya, na madogo sana upande mwingine wa tuta. Ndiyo siku ya achari.

Na walioko nyumbani Tanzania na Kenya wanaoniandikia niwatumie mbegu kwenye bahasha: haiwezekani hivyo. Mbegu huingia kwa kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mmea, kupitia mamlaka za afya ya mimea: Tanzania ni TPHPA na Kenya ni KEPHIS. Pia mmea huu umezoea majira ya baridi ya kweli kila mwaka. Friji itaiamsha mbegu, lakini haiwezi kuuletea mmea mzima theluji ya Desemba kule Morogoro.

Tuta langu sasa lina miaka sita. Jana nimehesabu vikonyo arobaini na tatu, na kile kirefu kuliko vyote kimetoka kwenye ufa kati ya mawe mawili, mahali ambapo sikupanda kitu.